Jina na Mnyama: Uchunguzi wa Kipunji katika Misitu ya Rungwe

Mwezi wa Mei mwaka 2005 jarida la kitaalamu la Science, litolewalo Marekani, lilichapisha maelezo ya mnyama wa jamii ya kima ambaye wataalamu wa elimu ya wanyama hawakuwa wamepata kumwandika. Jina alilopewa lilikuwa Lophocebus kipunji. Neno la kwanza limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja lenye maana ya kishungi na la pili lenye maana ya kima mwenye mkia mrefu. Neno la pili si la Kiyunani wala la Kilatini: ni neno la Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Tukuyu na ya vijiji vinavyouzunguka Mlima Rungwe. Neno hilo lilikuwa vinywani mwa wawindaji kabla mtaalamu yeyote hajamtambua mnyama mwenyewe.

Habari za kipunji zimeelezwa mara nyingi kama sehemu ya elimu ya wanyama. Lakini zina faida kubwa pia kwa wachunguzi wa lugha, kwa kuwa katika uchunguzi huu neno ndilo lililomtangulia mnyama. Yafaa basi kueleza jinsi neno hilo lilivyosikika, jinsi lilivyopimwa, lilivyoingia katika orodha ya majina ya kitaalamu, na jinsi linavyopasa kutumiwa katika Kiswahili sanifu.

Nchi na misitu yake

Tukuyu ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe katika Mkoa wa Mbeya. Wakati wa utawala wa Wajerumani mji huu uliitwa Neu Langenburg. Kaskazini yake wainuka Mlima Rungwe, ambao asili yake ni volkano, na kilele chake chafikia karibu meta 2,960 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni nyingi kuliko katika sehemu nyingi za Tanzania, na udongo ni wenye rutuba. Kwa hiyo miteremko ya chini imejaa migomba, chai, kahawa, mahindi na viazi. Juu ya mashamba hayo huanza msitu, na juu ya msitu mna mianzi na majani ya nchi ya baridi. Upande wa mashariki kuna Milima ya Livingstone, na juu yake uwanda wa Kitulo, ambao ulifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 pamoja na msitu wa Livingstone. Katikati ya Mlima Rungwe na msitu wa Livingstone kuna kipande chembamba cha miti kiitwacho Bujingijila, nacho ndicho kiunganishacho misitu hiyo miwili.

Nchi hii haikuwa ngeni kwa wachunguzi. Wamisionari wa Kimoravian walijenga Rungwe mwaka 1891. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikusanya wanyama na ndege katika nchi za Ziwa Nyasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Adolf Stolz, aliyekaa Kyimbila karibu na Tukuyu, alikusanya maelfu ya mimea na kuipeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya ishirini. Katika miaka ya thelathini ya karne hiyo Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miongoni mwa Wanyakyusa wakichunguza maisha na desturi zao. Pamoja na kazi hizo zote, kima mmoja mwenye urefu wa karibu sentimeta 90, aishiye katika makundi makubwa na mwenye sauti ya nguvu, hakuandikwa na mtu.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mnyama huyo hukaa katika msitu mzito wa miteremko mikali, baina ya meta 1,750 na meta 2,450 juu ya bahari. Muda mwingi huwa juu ya miti, ni mwoga, na hujificha apatapo kusikia hatua za mtu. Mpita njia husikia matawi yakitikisika, akasema moyoni mwake kwamba ni mbega au kima wa kawaida, kwa kuwa wote wawili wamo katika misitu hiyo, akaendelea na safari yake.

Habari iliyotangulia mnyama

Mwezi wa Januari mwaka 2003 wachunguzi wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakifanya kazi katika misitu ya Rungwe na Livingstone. Pamoja naye walikuwamo Noah Mpunga, Sophy Machaga na Daniela De Luca. Katika kuzungumza na wawindaji walisikia habari za kima mmoja mwoga aitwaye kipunji.

Habari hiyo haikukubaliwa mara moja, wala haikupaswa kukubaliwa mara moja. Masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa namna mbili: wale waonekanao kwa macho, na wale wa mambo ya ghaibu, ambao husimuliwa kwa uhakika uleule. Mgeni asikiaye jina hawezi kujua kwa kusikia tu kama mwenye jina hilo ana damu na mifupa. Methali ya Kiswahili yasema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini kwa mchunguzi methali hiyo ni nusu ya kazi. Lisemwalo lipo katika lugha, hapana shaka. Kama lipo pia katika msitu, hilo ni jambo la kuthibitishwa.

Hapa pana jambo la lugha ambalo lapasa kuangaliwa sana. Maneno ya Kiswahili yahusuyo wanyama wa jamii hii, kama vile nyani, tumbili, kima, ngedere na mbega, yametumika kwanza pwani na visiwani, na maana zake zimekadiriwa na wanyama wa huko. Kamusi za Frederick Johnson zilizotolewa mwaka 1939 zilijengwa juu ya Kiunguja. Si kosa lake kwamba misitu ya nyanda za juu za kusini haimo ndani yake. Mchunguzi aulizaye kwa Kiswahili, “Katika msitu huu kuna kima wa namna gani?” ameleta swali pamoja na maneno ya kulijibia. Mwenyeji, kwa heshima ya mgeni na kwa wepesi wa mazungumzo, huchagua katika maneno hayo lile lililo karibu, na mnyama asiye na jina la Kiswahili hufichwa chini ya jina la mwingine. Lugha ya watu wengi huunganisha watu, lakini pengine husawazisha mambo ambayo lugha ya mahali huyatenga.

Jambo kama hili lilikwisha kutokea katika Milima ya Udzungwa. Mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia msituni mlio wasioutarajia, na mwenyeji aliyekuwa pamoja nao akautambua mara moja na kumtaja mnyama mwenye mlio huo. Huyo ndiye aliyejulikana baadaye kwa jina la Sanje, kwa kufuata jina la mahali. Tofauti ya majina hayo mawili yastahili kuangaliwa. Sanje alipewa jina la mahali alipoonekana. Kipunji ameachiwa jina alilokuwa nalo.

Jinsi jina lilivyothibitishwa

Kulithibitisha jina kulitaka mwendo mrefu. Mara za kwanza mnyama alionekana kwa mbali na kwa kitambo kidogo tu. Ilipofika mwezi wa Desemba mwaka 2003 wachunguzi walimwona vizuri, wakatambua kwamba hafanani na kima yeyote aliyeandikwa. Manyoya yake ni ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu. Tumbo na ncha ya mkia ni nyeupe isiyo safi. Uso ni mweusi. Mashavuni ana manyoya marefu, na juu ya kichwa ana kishungi kipana kilichosimama wima.

Jambo lililosaidia sana ni sauti. Kima wa jenasi ya Lophocebus wa misitu ya Afrika ya Kati wana mlio wao maarufu, wenye sehemu mbili, usikikao mbali. Kipunji hana mlio huo. Yeye hutoa mlio mzito wa chini, kama mchanganyiko wa kubweka na kupiga honi. Mtu aliyezaliwa karibu na msitu huujua mnyama kwa sikio kabla ya jicho, na kwa hiyo swali juu ya sauti huleta jibu la hakika kuliko swali juu ya rangi.

Mwezi wa Julai mwaka 2004 wachunguzi wengine, wasiojua lolote juu ya kazi ya Rungwe, walimwona mnyama huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, Milima ya Udzungwa, kiasi cha kilomita 350 kutoka Rungwe. Aliyemwona alikuwa Trevor Jones, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Carolyn Ehardt na Tom Butynski. Mwezi wa Oktoba mwaka huo makundi mawili yalipata habari ya kila mmoja, nayo yakaamua kuandika kwa pamoja. Ndiyo maana makala ya mwaka 2005 yana majina ya wachunguzi saba, wawili kati yao wakiwa Watanzania.

Makala hayo yalizusha ubishi. Kwa desturi, mnyama mpya huandikwa kwa kielelezo kilichohifadhiwa katika jumba la makumbusho: ngozi, fuvu na mifupa. Waandishi walikataa kumwua mnyama aliye adimu kiasi hicho ili kupata ngozi yake, wakaweka picha ya mnyama aliye hai kuwa kielelezo. Wataalamu wengine walisema picha haitoshi, kwa kuwa haipimwi wala haichunguzwi damu. Wengine wakajibu kwamba kanuni za majina hazikatazi, na kwamba si haki elimu ya mnyama ianze kwa kupunguza idadi yake.

Jinsi jina la kwanza lilivyobadilika na la pili likabaki

Ubishi huo ulikatwa kwa bahati mbaya ya kipunji mmoja. Mwezi wa Agosti mwaka 2005 dume mmoja, ambaye alikuwa hajapevuka, alikufa katika mtego wa mkulima kwenye shamba la mahindi huko Rungwe. Mtego haukutegwa kwa ajili ya elimu, bali kwa ajili ya kulinda chakula. Mwili wake ulihifadhiwa na kuchunguzwa, na wataalamu wa Field Museum ya Chicago walishiriki katika kazi hiyo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Fuvu halikuwa la nyani. Lakini chembe za urithi zilionyesha kwamba kipunji ana udugu wa karibu zaidi na nyani kuliko na kima wa jenasi ya Lophocebus. Mnyama asiyeweza kuwekwa katika nyumba hii wala ile alijengewa nyumba yake mwenyewe: jenasi mpya ya Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika walio hai tangu mwaka 1923. Uchunguzi uliofuata ulionyesha mambo zaidi: chembe za urithi zipitazo kwa mama, katika mnyama wa Rungwe, zimeingiliana na zile za nyani wa manjano, na katika mnyama wa Ndundulu hazikuingiliana hivyo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba zamani vipunji wa upande wa Rungwe walipata kuzaana na nyani.

Katika badiliko hilo jina la kwanza liliondoka na la pili likabaki. Kanuni za majina ya wanyama zataka neno la pili lisibadilishwe mnyama ahamishwapo kutoka jenasi moja hadi nyingine. Lingekuwa kivumishi cha Kilatini, mwisho wake ungelazimika kupatana na jenasi mpya. Lakini kipunji ni nomino iliyosimamishwa kando ya nomino, nayo haipatanishwi na kitu. Kwa hiyo neno la Kinyakyusa limekaa katika orodha ya ulimwengu bila kuongezwa wala kupunguzwa herufi, na jirani yake wa kushoto sasa ni jina la mlima uleule lilikotoka.

Sarufi ya neno katika Kinyakyusa na katika Kiswahili

Katika Kinyakyusa nomino nyingi huwa na irabu mbele ya kiambishi cha ngeli; ndiyo sababu wenye lugha hiyo huiita Ikinyakyusa. Pale ambapo Kiswahili kina ki- na vi-, Kinyakyusa kina iki- na ifi-. Kwa umbo lake kipunji laelekea kuwa neno la ngeli hiyo, lililoandikwa bila irabu ya mbele, kama yaandikwavyo mengi yakipitia katika Kiswahili.

Neno lifikapo katika Kiswahili, hupatikana mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni upatanisho. Mwandishi aonaye ki- mwanzoni aweza kushawishika kuandika “kipunji hiki kimekimbia”. Hilo ni kosa. Kipunji ni kiumbe chenye uhai, nalo lafuata njia ya kifaru, kiboko na kinyonga: kipunji huyu amekimbia, vipunji hawa wamekimbia. Umbo la wingi ni la ki-/vi-, lakini upatanisho ni wa a-/wa-.

La pili ni maana ya kiambishi. Ki- katika Kiswahili pengine huonyesha udogo, kama katika kitoto na kijiji. Mtu asije akadhani kwamba kuna mnyama mkubwa aitwaye punji na kwamba kipunji ni mdogo wake. Kifaru si faru aliyepungua kimo, wala kiboko si mdogo wa mnyama mwingine yeyote.

La tatu ni asili ya mzizi. Katika Kiswahili kuna punje, yaani mbegu moja ya nafaka. Na huko Unguja mbega mwekundu wa kisiwani huitwa kima punju, neno lihusishwalo na sumu. Mtu aonaye punji, punje na punju, na kima wawili katika habari moja, hushawishika kuyafanya ndugu. Lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Undugu wa maneno huthibitishwa kwa mabadiliko ya sauti yenye kanuni, yanayoonekana katika maneno mengi ya lugha zile mbili, wala si kwa neno moja lililoangukiana na jingine. Kisa cha kipunji chaonya pande mbili: asiyeamini neno hukosa mnyama, naye aaminiye kila mfanano wa maneno huzua nasaba isiyokuwapo.

Hesabu na hatari

Baada ya jina kuthibitishwa, kazi ya msituni haikwisha. Wachunguzi walitembea misitu kwa muda wa zaidi ya saa 2,800 wakihesabu makundi, na matokeo yao yalitangazwa mwaka 2008. Walipata vipunji 1,117 katika makundi 38, yaani wastani wa karibu wanyama 29 katika kila kundi. Kati ya hao, 1,042 walikuwa katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na 75 tu katika Ndundulu. Eneo lote walilokaa halikuzidi kilomita za mraba 18. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba idadi ilikuwa imepanda.

Chakula cha kipunji ni cha namna nyingi: majani, matunda, maua, magamba ya miti, kuvu za miti na wadudu. Tai wa msituni ni adui yake, lakini adui mkubwa ni upungufu wa msitu wenyewe. Ukataji wa mbao, uchomaji wa makaa na upanuzi wa mashamba vimeila misitu kutoka pembeni, na kipande cha Bujingijila kimeharibiwa sana. Kikikatika kabisa, vipunji wa Mlima Rungwe hawatawafikia wenzao wa Livingstone, na kila upande utazaana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2009 msitu wa Mlima Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia, na upandaji wa miti ya kienyeji umefanywa ili kuunganisha misitu iliyotengana.

Pamoja na hayo, upande wa mkulima haufai kusahauliwa. Vipunji hutoka msituni na kula mahindi, na mahindi hayo ni chakula cha mwaka cha jamaa nzima. Aliyetega mtego wa mwaka 2005 alikuwa na haja ambayo haiondolewi kwa kumwambia kwamba mnyama wake ni maarufu.

Wajibu wa wachunguzi wa lugha

Kuna hasara nyingine isiyohesabiwa kwa kilomita za mraba. Waliolijua neno kipunji kabla ya mwaka 2003 walikuwa hasa wawindaji, watu walioingia msituni na kukaa humo. Uwindaji katika hifadhi umekatazwa, na katazo hilo lina sababu njema; lakini ujuzi wa mwindaji hauandikwi popote aachapo kuwinda, na mwanawe asomaye shuleni kwa Kiswahili hujifunza majina ya simba na tembo kuliko majina ya wanyama wa mlima ulio mbele ya mlango wake. Mnyama aweza kuhifadhiwa na hali maneno yamhusuyo yamekufa.

Kwa hiyo mkusanyaji wa msamiati katika wilaya kama Rungwe ana kazi ya haraka, nayo yataka taratibu. Jina lisitajwe na mwulizaji. Liachwe litoke kwa mwulizwa. Iulizwe sauti kwanza, kisha mwendo, kisha chakula, mwisho rangi. Watu waulizwe mmoja mmoja na katika vijiji mbalimbali, ili neno la mmoja lisiwe mwangwi wa mwenzake. Wanyama wa ghaibu waandikwe pia, pamoja na maelezo yao, bila kuchekwa. Maana mpaka mwezi wa Desemba mwaka 2003 kipunji mwenyewe angeweza kuandikwa katika orodha hiyo. Na mwulizwa ahakikishiwe kwamba alisemalo halitamletea mashtaka, kwa kuwa mtu aogopaye kusema ameua nini hatasema pia ameona nini.

Neno kipunji limekwisha kuingia katika vitabu vya wanyama vya ulimwengu mzima. Lastahili kuwamo pia katika kila kamusi kubwa ya Kiswahili, likiandikwa asili yake, wingi wake na upatanisho wake, pamoja na jina la lugha iliyolilinda.